Hilo Jino la Megalodoni Shingoni Mwako Halina Kwao

Wasee, kununua jino la papa wa kale mtandaoni si kukusanya. Umenunua mkufu. Vaa tu, umependeza, lakini usituitie wafuasi wako ukijiita mtu wa visukuku.

Na msinianzie ile komenti ya "si wewe uliacha chuo". Niliacha, ndio. Hii haihitaji digrii.

Mwili wa papa hauna mifupa kama yetu, ni gegedu, na gegedu huoza. Kinachobaki ni meno, na papa mmoja hudondosha maelfu maishani mwake. Ndio maana Florida, ambako sheria inataka kibali ukiokota visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kwenye ardhi ya serikali, meno ya papa yameachwa huru. Mtu anaingia Peace River na koleo na chekeche, analowa siku nzima, anatoka na kajino saizi ya kucha. Huyo namheshimu. Anajua amekatoa wapi.

Wewe lako la inchi sita limetoka wapi? Muuzaji alikwambia "baharini". Manze, bahari gani?

Sikia hii. 1988 mkulima mmoja Peru alipata papa wa kale, taya nzima, meno 222 mahali pake. Mkusanyaji Mmarekani, Gordon Hubbell, akamchukua kutoka kwake, na 2009 akampeana Florida Museum of Natural History. Watafiti walirudi hadi pale pale alipochimbuliwa, wakapima umri wa mawe upya. Papa akawa wa miaka kama milioni 6.5, karibu milioni 2 zaidi ya walivyodhani. Historia ya papa mweupe ikabadilika kwa sababu kuna mtu alikumbuka shimo liko wapi. 2012 wakamwita Carcharodon hubbelli. Jina la mkulima halimo, na hiyo nayo ni kesi ya siku nyingine.

Mtasema wachimbaji wa Khouribga, Moroko, wanalisha familia na hii biashara. Kweli, migodi ya fosfeti kule inatoa meno ya papa kwa wingi. Basi lipia na maelezo: mgodi gani, tabaka gani, lini. Mchimbaji anajua, ni nyinyi hamuulizi. Muuzaji akishindwa kukujibu, usitume doo.