Kaya Tumewaachia Watalii

Ukiulizwa Pwani kuna nini cha kutazamwa, utajibu upesi: bahari, mchanga mweupe na Fort Jesus. Basi. Kaya hakuna anayeitaja!

Magari ya watalii yanavuka feri hapa kwetu Likoni kwenda Diani. Mbele kidogo ya Diani kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Mwaka 2008 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mgeni huvishwa kaniki kabla ya kuingia, na haruhusiwi kuchuma hata jani. Mzungu anatii, ananyamaza, anasikiliza. Sisi je? Tunacheka, eti hayo ni mambo ya uchawi ya wazee.

Wanafunzi wenzangu, hoteli ina ukuta na askari. Kaya hulindwa hasa na heshima. Heshima ikiisha, shoka litaingia, na msitu utageuka makaa na ploti.

Wengine watasema dini yao hairuhusu. Mimi sisemi mtu aache msikiti au kanisa aende akatambike. Nasema tuujue msitu wetu na tuwaheshimu wanaoutunza.

Kwa hivyo naomba walimu wetu safari ya chama mwaka ujao iwe Kinondo. Tuwaulize wazee majina ya miti na dawa zake, tuyaandike katika gazeti hili. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa.