Mcheza kwao hutunzwa



Wahenga walituachia methali: mcheza kwao hutunzwa. Sisi wa Tanga hatuhitaji kufafanuliwa. Nenda kwenye harusi yoyote Ngamiani au Makorora. Mwimbaji akipandisha sauti, akina mama wanainuka na noti mkononi, wanakwenda kumtunza. Hakuna anayengoja kuombwa. Anayetufurahisha anastahili kitu, tena papo hapo, mbele za watu.

Leo naomba tuipime methali hiyo kwa mtu wa kwetu, marehemu Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimjua kama Mzee Majuto au King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akasoma Shule ya Msingi Msambweni, na mwaka 1958, akiwa bado mtoto, akaanza kuigiza jukwaani. Alifariki dunia Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akiwa na miaka 70, akarudishwa Tanga kuzikwa. Piga hesabu mwenyewe: alianza kabla ya Uhuru, akachekesha watu kwa miaka 60.

Tulimpenda kwa sababu alituigiza sisi. Alikuwa yule mzee mbishi, mwenye tamaa, anayejiona mjanja kuliko wote, kisha ujanja wake unamrudia mwenyewe. Akisimama na kijana wa Muheza, marehemu Hussein Mkiety, yaani Sharo Milionea, aliyetutoka kwa ajali ya gari Novemba 2012, mmoja akiringa kizee na mwingine akiringa kisharobaro, nani angejizuia? Yeye alikuwa Mwislamu, lakini kicheko chake hakikuuliza mtu anasali wapi. Siku ya Krismasi alikuwa kwenye runinga za nyumba zetu kama mgeni aliyealikwa.

Hapa niungame jambo. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alileta nyumba ya mapadre diski moja yenye filamu zake kumi, ya kunakiliwa, aliyoinunua barabarani kwa bei ya chipsi. Tulicheka mpaka chakula kikapoa. Kesho yake niliadhimisha Misa, na dhamiri haikunigusa hata kidogo. Mimi ninayewafundisha wakatekumeni amri ya saba kila mwaka, sikujiuliza mzee yule amepata shilingi ngapi kwa kicheko changu. Jibu nalijua: hakupata hata senti.

Alipougua na kupelekwa India kwa matibabu mwaka 2018, wengi ndipo tukaanza kuuliza: mtu ambaye sura yake iko kila mahali, jasho lake limekwenda wapi? Suala la mikataba ya wasanii likafika serikalini, na waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba hiyo. Vijiweni wapo waliosema, "Si alisaini mwenyewe? Hakuna aliyemshika mkono."

Msomaji wangu, Kanisa lilishalijibu neno hilo tangu mwaka 1891. Papa Leo XIII, katika waraka wake *Rerum Novarum*, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Mfanyakazi akikubali masharti mabaya kwa sababu ya shida, kwa kuwa hana pengine pa kwenda, huyo ameonewa, hata kama sahihi ni yake. Yoshua bin Sira, sura ya 34, anakwenda mbali zaidi: kumnyima kibarua ujira wake anakuhesabu sawa na kumwaga damu. Na Katekisimu yetu, namba 1867, inaiweka dhuluma ya ujira miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu.

Utaniambia, "Lakini Padre, kuchekesha nako ni kazi?" Ni kazi. Mungu alipotaka kutimiza ahadi yake kwa Ibrahimu na Sara katika uzee wao, mtoto aliitwa Isaka, jina linalobeba maana ya kicheko. Mtu anayeweza kumchekesha mama aliyeshinda shambani, au kuli aliyerudi na mgongo unaouma, amempa pumziko ambalo duka la dawa haliuzi. Tumemlipa nini?

Tusiwanyoshee kidole wafanyabiashara peke yao. Angalia parokiani kwetu. Kwaya inajichanga, inarekodi nyimbo kwa gharama kubwa. Wiki mbili baadaye nyimbo zote zimo kwenye simu zetu, tumerushiana, na kwaya bado inadaiwa studio. Katekista anazunguka vigango kwa baiskeli mbovu mwaka mzima, tunamwambia Mungu atamlipa. Mungu atamlipa, ndiyo, lakini atatuuliza na sisi tuliokuwa na noti mfukoni. Kisha akifa, tunakodi mabasi, tunashona sare, tunapika sufuria kubwa, na rambirambi zinasomwa kwa kipaza sauti. Tumezoea kumtunza mtu kwa sanda.

Jina la usanii la mzee wetu lina methali yake pia: majuto ni mjukuu. Huja baadaye, wakati mwenye haki yake hayupo tena kuipokea. Mimi siwezi tena kumlipa Mzee Majuto kwa jioni ile. Ninachoweza ni kununua kazi halali ya msanii aliye hai, na kuuliza katika kikao kijacho cha halmashauri ya parokia makatekista wetu wanapata nini mwisho wa mwezi. Wewe nawe unaye mtu wa kwenu anayecheza. Wiki hii, kabla hajaugua, nenda ukamtunze.