Mtoto Aulizwe Kabla Mchezo Haujakamilika

Watoto wa Makunduchi, Zanzibar, wakicheza mdako hawahitaji mwongozo. Kijiwe kikimponyoka mmoja, wenzake wanamtoa, zinazuka kelele, na sheria inabadilishwa papo hapo. Mtunzi wa michezo ya elimu angepaswa kuanzia hapo.

Zanzibar si mgeni wa kufundisha kwa michezo. Mradi wa elimu wa RISE, ulioanza 2006, ulirusha redioni Tucheze Tujifunze, masomo ya watoto wadogo kwa nyimbo na michezo. Huko bara, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili watoto karibu 3,000 wa vijiji vya Tanga. Mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana zawadi ya dola milioni 10.

Ila kumpima mtoto alichojifunza, kama shindano hilo lilivyofanya, ni kitu kimoja, kumshirikisha kutunga ni kingine.

Mtunzi aende Makunduchi na makaratasi na kalamu za rangi tu, awaachie watoto wavuruge sheria za mchezo wake, naye anyamaze. Atazame mkono unasita wapi. Mtoto akichoka dakika ya tano, kasoro ni ya mchezo. Mawazo mengine yatatupwa, maana watoto nao hubuni upuuzi! Na wizara ya elimu, kabla ya kununua mchezo, iulize: waliujaribu watoto gani, na kilibadilishwa nini?