Eti Mwenye Nyumba Hapangiwi

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika miji ya Afrika Mashariki, ni chache zinazotamkwa kwa uhakika mkubwa kuliko ile isemayo kwamba mwenye nyumba hapangiwi: mtu akishalipia fleti yake na kukabidhiwa hati, namna atakavyoitumia ni shauri lake, na jirani anayehoji ama ana wivu ama amekosa kazi. Imani hiyo ndiyo wanayotupiwa wakazi wa majengo ya fleti jijini Nairobi kila wanapoitaka serikali ya kaunti iwekee kanuni upangishaji wa muda mfupi, yaani utoaji wa nyumba ya makazi kwa wageni wanaolala usiku mmoja, siku mbili au wiki, kwa malipo ya kila usiku na kwa kawaida kupitia majukwaa ya mtandaoni, ambayo ni programu zinazomkutanisha mwenye chumba na mgeni na kujikatia kamisheni. Inasikika kama kanuni ya haki, na kwa sababu hiyo watu wengi hawajishughulishi kuipima. Ikipimwa, haisimami.

Haisimami kwanza kisheria, na hapo hapahitaji maneno mengi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo katika Kifungu cha 40 inalinda haki ya kumiliki mali, ndiyo hiyohiyo ambayo katika Kifungu cha 66 inaipa Dola mamlaka ya kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, utulivu, maadili na afya ya umma, au kwa ajili ya upangaji wa matumizi ya ardhi. Na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti shughuli za mipango, nyumba na utalii wa mahali. Anayesoma Kifungu cha 40 na kufunga kitabu amesoma nusu ya mkataba. Hakuna mwenye fleti anayeamini kwamba hati yake inamruhusu kufungua karakana ya kuchomelea vyuma ghorofa ya tano, na kwa hiyo ubishi haujapata kuwa juu ya kama mwenye nyumba anaweza kupangiwa, bali ni juu ya kama hoteli isiyo na kibao mlangoni ihesabiwe kuwa makazi.

Kasoro kubwa zaidi, ambayo watetezi wa imani hii huikwepa, inahusu kile hasa kinachouzwa. Anayetangaza fleti yake kwa usiku mmoja hauzi kuta nne peke yake, kwa kuwa tangazo lenyewe husifu lifti, jenereta, mlinzi wa saa ishirini na nne, maegesho, bwawa la kuogelea na utulivu wa mtaa, vitu ambavyo hakuna hata kimoja kilicho chake peke yake. Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, inayosimamia umiliki wa fleti nchini Kenya, inatenganisha sehemu ya mtu binafsi na mali ya pamoja, ambayo wamiliki wote wanaimiliki kwa hisa na kuisimamia kupitia shirika lao. Mwenye fleti anayepokea wageni wapya kila siku ya tatu anafanya biashara kwa mtaji ambao sehemu yake kubwa ni ya wenzake, na wenzake hao hawapati gawio, ila hupata bili.

Bili yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ugomvi wa majirani huanzia hapo zaidi kuliko kwenye kelele. Nairobi ni jiji la mgao wa maji, ambako jengo la fleti hutegemea kisima chake au maji ya bowza yanayomiminwa katika tangi moja, na gharama yake mara nyingi hugawanywa sawasawa katika ada ya huduma ya kila mwezi pale ambapo fleti hazina mita zake. Familia inayofua shuka mara moja kwa wiki hulipa sawa na fleti ambayo shuka na taulo zake hufuliwa kila mgeni anapoondoka, na tangi likikauka Jumapili asubuhi hukauka kwa wote. Lifti nayo inabeba masanduku ya wageni kila siku, na matengenezo yake yanatoka katika mfuko uleule. Getini, mlinzi aliyekuwa akiwajua wakazi kwa sura na watoto kwa majina hubaki na daftari la wageni lililojaa majina asiyoweza kuyathibitisha, huku ufunguo ukichukuliwa kwenye kisanduku cha namba za siri kilichofungwa kwenye nondo za dirisha, bila mwenyeji kufika. Hayo yote ni gharama, na mwenye kuzisababisha anapoambiwa azibebe, hanyang'anywi mali.

Wapo wanaoridhika kusema kwamba madai ya kuwekeana masharti ya ujirani ni mambo ya Ulaya yaliyoletwa na watu waliosoma. Wanaosema hivyo hawajautazama mji wa Lamu, ambao Mji Mkongwe wake uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Katika mji ule wa mawe, nyumba ilijengwa kwa kumzingatia aliye nje yake: daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, lilimpokea mgeni kabla hajaingia ndani, njia ya kuingilia ilipindwa ili mpita njia asitupe jicho uani, na wikio, chumba cha juu kinachovuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, hakikuweza kuwepo bila makubaliano ya pande zote mbili. Umiliki ulikuwa wa mtu, lakini staha ilikuwa ya mtaa. Kinachoweza kuitwa kigeni, ikiwa ni lazima neno hilo litumike, ni wazo la kwamba ukuta wa mtu ndio mwisho wa wajibu wake.

Hoja ya riziki ni nzito zaidi na haifai kupuuzwa. Wapo wajane wanaoishi kwa chumba kimoja wanachokodisha, na wapo Wakenya walio ughaibuni wanaolipia mkopo wa nyumba kwa njia hiyo. Majukwaa hupenda kuwatanguliza watu hao, na hata historia ya Airbnb husimuliwa hivyo, kuanzia vijana wa San Francisco waliowalaza wageni kwenye magodoro ya kujaza hewa mwaka 2007 ili wapate kodi ya nyumba yao. Lakini biashara iliyokua tangu wakati huo ina sura mbili zisizofanana: ya anayekaribisha mgeni nyumbani anamoishi, na ya anayekodi fleti nyingi kutoka kwa wenye nyumba ili azitoe kwa usiku bila kulala katika hata moja. Sheria namba 18 ya jiji la New York, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2023, ilitenganisha mambo hayo kwa kumtaka anayepokea wageni kwa chini ya siku 30 ajisajili, awepo nyumbani wakati mgeni yupo, na asipokee zaidi ya wageni wawili. Mtu anaweza kuiona kali, na pengine ni kali kupita kiasi kwa jiji linalohitaji watalii. Lakini haimzuii mjane mwenye chumba kimoja, na anayemtumia mjane huyo kama ngao ya wenye fleti ishirini hamtendei haki.

Kuhusu kodi za nyumba, wakazi nao hutia chumvi. Utafiti wa wachumi juu ya Barcelona, uliochapishwa mwaka 2020, ulikadiria kwamba upangishaji wa aina hii uliongeza kodi kwa wastani wa asilimia 1.9 tu, kiwango ambacho hakiwezi kueleza peke yake ughali wa makazi katika jiji lile. Ila katika mitaa iliyofurika wageni ongezeko lilifika asilimia 7, na bei za kununua nyumba zikapanda kwa asilimia 17. Tofauti hiyo ndiyo inayotoa funzo: madhara hayasambai nchi nzima, hujikusanya katika mitaa michache, na kwa hiyo sheria moja ya taifa, iliyoandikwa kwa Diani na Eldoret kwa pamoja, itakuwa nzito kusikohitajika na nyepesi kunakowaka moto. Barcelona yenyewe ilitangaza mwaka 2024 kwamba leseni zake 10,101 za fleti za watalii hazitahuishwa zitakapokwisha mwaka 2028, uamuzi ambao Nairobi haina sababu ya kuuiga, lakini uliofanywa na jiji linaloijua mitaa yake.

Serikali ya taifa ilikwisha kuonyesha mipaka yake. Wanawake wawili walipouawa katika vyumba vya kukodi vya Nairobi, Januari 2024, wenye nyumba za namna hiyo walitakiwa wajisajili kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Usajili ni jambo jema, ila kuyageuza mauaji yale kuwa hoja ya kamera na vitambulisho kulikuwa kukwepa suala la ukatili dhidi ya wanawake, ambalo lingebaki palepale hata kama vyumba vyote vingefungwa. Wakazi wanaodai kanuni wanapaswa kujihadhari na mtego huohuo, kwa sababu miongoni mwao wapo ambao kiini cha malalamiko yao ni kwamba msichana fulani aliingia na mwanamume fulani, na sheria itakayompa mlinzi wa geti mamlaka ya kuwahoji wanawake kuhusu ndoa zao itakuwa imeondoa kero moja kwa kuzaa dhuluma.

Kinachofaa kudaiwa katika bunge la kaunti ni kidogo kuliko marufuku na ni kizito kuliko daftari: kibali cha kaunti kitakachozingatia kauli ya shirika la wamiliki wa jengo, ada ya huduma inayolingana na matumizi, mwenyeji anayepatikana kwa simu usiku, na idadi ya juu ya siku kwa mwaka kwa nyumba asimoishi mtu. Hata hivyo yote hayo yatabaki karatasi tupu yasipoyabana majukwaa yenyewe, kama New York ilivyoyakataza kupokea malipo ya nyumba ambayo usajili wake haujathibitishwa, kwa kuwa jukwaa ndilo linalojua ni nyumba ipi imetolewa na kwa siku ngapi, ilhali kaunti haina njia ya kulijua hilo isipokuwa kwa kubisha hodi mlango hadi mlango. Kaunti itakayoandika sheria bila kifungu hicho itakuwa imewaachia wakazi kazi ya kupelelezana, kazi ambayo hawakuiomba.