Ukumbi wa Lehár na jina lililokosekana

Bad Ischl, mji mdogo wa Austria, ulipata umaarufu kwa maji yake ya chumvi, ambayo madaktari waliwaagiza wagonjwa wakaoge. Wageni wenye fedha hawaogi mchana kutwa. Jioni wanataka burudani. Ndiyo maana ukumbi wa michezo ulifunguliwa mwaka 1827, kabla hata ya kuzaliwa Kaisari Franz Joseph, aliyekuja kuufanya mji huo makao yake ya kiangazi. Leo ukumbi huo unaitwa kwa jina la Franz Lehár, mtunzi wa opereta aliyenunua nyumba mjini humo mwaka 1912 na kufariki humo mwaka 1948. Heshima hiyo anaistahili. Lakini opereta ni muziki na maneno, na jina la ukumbi linamtaja mwenye muziki tu.

Maneno ya opereta ya Lehár Das Land des Lächelns, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1929, yaliandikwa na Ludwig Herzer na Fritz Löhner-Beda. Löhner-Beda alishiriki pia kuandika Giuditta ya mwaka 1934. Alikuwa Myahudi. Manazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 walimkamata, wakampeleka kambi ya Dachau, kisha Buchenwald, na mwaka 1942 akauawa Auschwitz. Miaka hiyohiyo muziki wa Lehár uliendelea kupigwa Ujerumani, na Hitler mwenyewe aliupenda. Utawala ule ulimuua mwenye maneno huku ukiushangilia muziki alioutungia maneno.

Watakaonipinga watasema Lehár naye alikuwa mashakani, kwa kuwa mkewe Sophie alizaliwa Myahudi. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Wanahistoria wangali wanabishana kama alijitahidi vya kutosha kumtetea Löhner-Beda, na gazeti si mahakama ya kuwahukumu marehemu. Ila kumpa Löhner-Beda haki yake hakuhitaji kumtia Lehár hatiani. Wengine watasema watazamaji huja kustarehe, wasiharibiwe jioni yao. Hoja hii ni dhaifu zaidi: nyimbo wanazozifurahia zimebeba maneno ya Löhner-Beda, na hakuna wimbo uliopungua utamu kwa kumjua aliyeuandika.

Ukumbi ubaki na jina lake. Mlangoni yaandikwe pia majina ya waliomwandikia Lehár maneno, kwa herufi za ukubwa uleule, na chini ya jina la Löhner-Beda mahali alipouawa na mwaka.