Uso unaowaka: tusome kwanza tyubu tunayopaka

Juma hili tuongee juu ya uso. Wako wamama kati yetu ambao uso unawaka kama umepakwa pilipili. Mashavu na pua vinakuwa vyekundu, vipele vidogo vinatoka, na jua likigusa kidogo ni maumivu. Wengine wanasema ni damu chafu, wengine wanasema ni uchawi wa jirani. Tuwaache majirani kwanza, tutafute chanzo.

Ugonjwa mmoja unaoleta hali hiyo unaitwa rozasea. Hauambukizi, na hautokani na uchafu. Mara nyingi unaanza baada ya miaka 30, mishipa midogo ya damu ya usoni inapopanuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, ndiyo maana wengi wanachelewa kutibiwa. Basi angalia dalili nyingine: uso kuwa wa moto, kuchomachoma, vipele visivyo na vichwa vyeusi kama vya chunusi, macho kukauka au kuwasha.

Lakini kuna chanzo kingine ambacho tunakinunua wenyewe sokoni: krimu ya kung'arisha ngozi. Nyingi zina clobetasol, dawa kali sana ya jamii ya kortizoni. Daktari anaiandika kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa kawaida si zaidi ya majuma 2, na kwa uso anaiepuka. Ukiipaka kila siku kwa miezi, ngozi ya uso inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vinajaa.

Mtego uko hapa. Mama akiacha krimu, baada ya siku chache uso unawaka kuliko mwanzo. Anasema: "Kumbe krimu ndiyo ilikuwa inanisaidia." Anarudi kuipaka, uso unatulia kidogo, na ngozi inazidi kuharibika. Mama, kuwaka huko kunatokea kwa sababu ngozi ilizoeshwa dawa. Kunapita, ingawa kunaweza kuchukua majuma au hata miezi.

Tufanye nini?

Soma maandishi ya tyubu. Ukiona clobetasol, betamethasone, hydroquinone au mercure, usiipake usoni. Mercure, yaani zebaki, inaharibu figo. Krimu isiyotaja kilichomo usiiamini.

Nenda kituo cha afya na tyubu yako mkononi. Kama umepaka mwili mzima kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako. Mwili unaweza kuwa umepunguza kutengeneza kortizoni yake, na kuacha mara moja kunaweza kuleta udhaifu mkubwa, kutapika na presha kushuka. Daktari atakupunguzia polepole. Mwenye mimba aseme mapema.

Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kusugua. Usipake ndimu, dawa ya meno wala javeli.

Punguza joto la uso. Ukisonga bugali, geuza uso usipigwe na mvuke na moto wa mbabula. Juani chukua mwavuli au kofia pana. Angalia pia kama pilipili, chai ya moto sana au kasiksi vinakuamshia uso, kwa maana kila mtu ana chake.

Kwa vipele, daktari anaweza kuandika krimu ya metronidazole au vidonge vya doxycycline. Usijinunulie vidonge hivyo farmasi: havimfai mwenye mimba wala mtoto mdogo.

Ukiona mashavu mekundu pamoja na homa na maumivu ya viungo, au jicho linauma na kuona kunapungua, usingoje. Nenda siku hiyo hiyo, inaweza kuwa ugonjwa mwingine.

Mkutano ujao, kila mama alete krimu anayopaka yeye na ile anayowapaka watoto. Tutasoma maandishi pamoja, na wanaojua Kifaransa watawasaidia wengine. Asichekwe mtu. Binti zetu wanatuangalia tunavyojipaka mbele ya kioo, na watapaka kile wanachokikuta juu ya meza yetu.