Meza ya Chai katika Baa ya Waayalandi

Wako ndugu waliosikia kwamba nilikula chakula katika baa ya Waayalandi, tena siku ya sikukuu yao, wakasema mzee ameharibikiwa ugenini. Sikusudii kujitetea. Nakusudia kueleza nilichokiona, kwani kinatuhusu sisi tunaopenda sherehe kuliko maana yake.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 17 Machi 2023, mjini Boston, Marekani, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mwenyeji wangu, mtu mwenye asili ya Ayalandi, alinialika baada ya sala ya Ijumaa. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuketi penye meza inayozungushwa ulevi naijua tangu chuoni, nami nilimweleza mapema. Basi akachagua meza ya pembeni, akaagiza chai kwa wote wawili, ilhali siku ile ilikuwa yake. Mwenye kusema kwamba hata mlango haukuingilika, simbishii. Hilo nawaachia masheikh.

Msafiri asione haya kuuliza jikoni. Katika baa hizi samaki wa kukaanga aghalabu huvikwa unga uliovurugwa kwa bia, na mchuzi wa nyama hutiwa bia nyeusi. Nilikula samaki wa kuokwa, mkate wa soda usiotiwa hamira, na viazi vilivyopondwa pamoja na kabeji na siagi. Vitamu, ila pilipili haikupita hata karibu.

Meza nyingine zilijaa nyama ya ng'ombe ya chumvi. Ilikuwa Kwaresima, na Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki hawali nyama. Lakini mwaka ule maaskofu kadhaa wa Marekani walitoa ruhusa kwa ajili ya sikukuu. Tena nyama yenyewe si mila ya Ayalandi, ambako huliwa nguruwe. Husimuliwa kwamba wahamiaji waliofika New York waliinunua kwa wachinjaji wa Kiyahudi, ambao nguruwe hawamuuzi.

Na huo ulevi unaodhaniwa kuwa ndiyo sikukuu? Huko Ayalandi kwenyewe sheria ya 1927 ilifunga baa siku hiyo, zikaja kufunguliwa tena miaka ya 1960. Huyo Mtakatifu Patrick alikuwa mtumwa. Katika karne ya 5 alitekwa Uingereza, kijana wa miaka kama 16, akachungishwa mifugo Ayalandi miaka 6 hata akatoroka. Sisi watu wa pwani, ambao fukwe zetu zilipitisha watumwa wengi, hadithi hiyo tunaielewa bila kufasiriwa. Niliwauliza vijana wawili waliovaa kofia za kijani Patrick alikuwa nani. Walicheka, wakainua bilauri.

Jambo jingine hata mwenyeji wangu hakulijua. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza mashambani, iliua watu kama milioni 1 huko Ayalandi, na wengine wapatao idadi hiyo wakahama. Ndio waliojaza miji kama Boston. Mwaka 1847 Sultani Abdulmejid wa Uturuki alipeleka pauni 1,000 kuwasaidia wenye njaa. Sadaka ya Mwislamu imo katika historia ya watu hawa, nao hawana habari.

Lakini tusiwacheke. Siku ya Idi waulize watoto wetu mtaani: watakutajia nguo mpya, pembea na pesa za mkono wa Idi. Zaka ya fitri ni pishi ngapi, hutolewa lini, na nani jirani anayestahili kupewa? Walimu wa vyuo, nawaomba mniandikie: katika wanafunzi wenu, ni wangapi waliowahi kutumwa na wazazi wao kuipeleka kwa mikono yao, kabla ya sala ya Idi?